Diski Iliyoshiba

Folda haikuwa na kitu, lakini kompyuta iling'ang'ania kwamba diski imejaa.

"Umekula vyote, bado unajigamba umeshiba," seremala aliiambia, akaifungua ile folda kwa mara ya kumi asubuhi hiyo ya Alhamisi. Tupu.

Mambo yaliharibika Jumatatu. Siku hiyo aliunganisha sanduku jipya la kuhifadhia mafaili, zawadi ya bintiye aliyeishi ng'ambo. Lilikuwa dogo kama tofali, likawekwa sebuleni kando ya kompyuta inayorusha video kwenye televisheni, na kupitia mtandao wa nyumbani kila mtu angeweza kulitumia. Hata binti angelifikia hukohuko aliko.

"We liunganishe tu, Baba," alikuwa amesema. "Video za Mama nitazitolea nakala mwenyewe. Hiyo diski yako imezeeka, siku moja itatufia."

Alimtumia maelekezo, hatua tisa. Seremala alizifuata kwa kidole, moja moja, kama anayepima mbao za mteja mkorofi. Ila hatua ya sita ilimkera. Ilimtaka atengeneze folda mpya kwenye kompyuta, sanduku lipate pa kukaa. Mpya ya nini, na ipo tayari iitwayo Familia? Nyumba moja haina familia mbili, alijiambia, akalielekeza sanduku kwenye ileile ya zamani yenye video za mkewe. Alipoifungua, video zote arobaini na moja zilikuwa zimetoweka.

Humo ndimo alimobaki mkewe. Mkewe akicheka mlangoni mwa karakana: "Fundi, hicho kiti ni cha watu au cha kuku?" Mkewe kitandani, wiki yake ya mwisho, sauti imekauka, akimwimbia mjukuu aliyekuwa bado tumboni. Simu iliyorekodi hayo yote ilikufa zamani. Mjukuu sasa ana miezi mitano, na hajawahi kuisikia sauti ya bibi yake.

Hakumwambia mtu. Angeanzia wapi? Binti alipopiga kuulizia video, alisingizia mtandao. Wateja walipokuja kuulizia makabati yao, alisingizia gundi. Huzuni ilimkaa kifuani siku tatu mpaka ikageuka hasira, na hasira ikatafuta wa kuibeba.

Ndipo Alhamisi hiyo kompyuta ikarudia tena kwamba diski imejaa. Seremala aliizima, akaichomoa diski, akaenda nayo karakana. Akaibana kwenye jiliwa, kibano cha mezani kwake, akaitoboa kwa keekee ya umeme. Tundu la kwanza, la pili, la tatu. Unga wa chuma ukadondokea maranda sakafuni.

"Hutakula tena cha mtu," alisema, akalia kwa sauti, maana hapakuwa na wa kumsikia.

Kilio kilimpa ujasiri. Akajifuta uso kwa mkono wa shati, akampigia binti.

"Mwanangu, nisamehe. Nimempoteza mama yako mara ya pili."

Akaanza kumweleza: sanduku, hatua ya sita, folda tupu, kompyuta inayodai diski imejaa. La keekee alikuwa bado hajalifikia, binti alipoangua kicheko, kicheko kilekile cha mama yake.

"Baba jamani! Siku zote hizo unajitesa peke yako? Hujapoteza kitu. Umeliweka sanduku juu ya folda, basi limezifunika video zilizomo. Wewe ukilaza ubao juu ya meza, vilivyo chini yake utavionaje?"

Seremala aligeukia jiliwa. Diski ilikuwa bado imebanwa, na matundu yake matatu.

"Haya, chomoa waya wa sanduku, halafu fungua folda. Mtoto yuko hapa mapajani, leo amsikie bibi yake. Baba, unanisikia? Na kompyuta siku zote si ilikuwa inakwambia diski imejaa? Ilijaa nini, Baba, kama si Mama?"