Lita Tatu za Bibi Nambua

Sheria ni moja kwa kila nyumba yenye mashine ya moyo na mapafu: mtiririko wa damu ukishuka chini ya lita tatu kwa dakika mara tatu kwa siku, mashine inapelekwa kwa mgonjwa anayefuata kwenye foleni. Kwetu leo ulishashuka mara mbili, zote kwa sababu yangu. Bibi Nambua akicheka utani wangu, kifua kinabana, mrija unatikisika, na namba ukutani inaporomoka.

"Ufunge huo mdomo," mama alinionya akitoka kwenda kazini. "Wakiichukua, mama yangu hafiki jioni."

Nikakaa wima kama kiranja, macho ukutani. Tatu nukta nne.

"Mume wangu," Bibi akaita, "mbona umenuna? Umeoa mwingine?"

Jibu lilinijaa mdomoni, nikalimeza. Nikaona nimwamkie kwa adabu, yaishe.

"Shikamoo, Bibi."

Miaka kumi na tisa sijawahi kumwamkia hivyo. Alinikodolea macho. Midomo ikaanza kumtetemeka, kisha mabega.

"Bibi, tafadhali," nikasema.

Neno hilo nalo hakuwahi kulisikia kwangu. Ukutani ilikuwa tatu nukta moja.