Tarehe ya Nyuma

Bi Mwanahawa alitaka nakshi za kofia tu, zile alizochora marehemu mumewe kwa programu ya zamani. Sefu, fundi wa kompyuta, akaunda kompyuta ya kale ya kuigiza ndani ya kompyuta mpya, ikawa kidirisha kwenye kioo. Programu ikagoma kwa kuwa muda wa leseni yake ulishapita, basi akairudisha nyuma tarehe ya kidirisha kwa kubahatisha. Nakshi zikafunguka.

Bi Mwanahawa hakuziona. Alikuwa akiitazama tarehe.

"Siku hii mume wangu alitoka saa tisa kununua uzi," alisema. "Hakurudi."

"Niibadilishe, mama?"

"Iache. Saa ya humo inatembea?"

"Inatembea."

Kwenye kidirisha ilibaki dakika moja kufika saa tisa. Akaweka kiganja juu ya kioo, akakikaza, kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe.