Kibonge Amenenepa

Utepe wa kupimia mkono ulisoma kijani. Mpimaji wa shirika la kimataifa la watoto akashusha pumzi: Kibonge, aliyeletwa mifupa mitupu akabandikwa jina hilo kwa utani, alikuwa amepona.

Mama mtu hakutabasamu. Akamwinamia mpimaji sikioni.

“Dada yangu, kaza kidogo tu, usome njano. Akipona, zile pakiti za chakula ndiyo basi, na ndugu zake wanakula humohumo.”

Vidole vya mpimaji vilikuwa bado kwenye ncha ya utepe. Ngozi chini yake ilikuwa laini, yenye joto.

Kibonge akakunja ngumi, akatunisha kile kimkono mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

“Shangazi, si nimekuwa mkubwa?”

“Bado kidogo, baba,” akasema mpimaji, akavuta utepe.