Gauni la Kipimo

Mke wa fundi cherehani aligeuza gauni lake upande wa ndani ili alipige pasi, ghafla akaiweka pasi chini.

Miezi minne alikuwa amejinyima ili apungue. Asubuhi chai kavu isiyo na sukari, jioni tango na maji, huku watoto wakikomba sufuria mbele ya macho yake. Nyumbani hakukuwa na mizani. Kipimo chake kilikuwa gauni hili tu. Na kila mwezi lilizidi kumpwaya!

Sasa alipitisha kidole ubavuni. Kando ya mshono palikuwa na mstari wa vitundu vya sindano, kisha mwingine, kisha mwingine. Mshono ulikuwa umefumuliwa mara tatu na kusogezwa nje, hadi ukingoni mwa kitambaa.

"Baba watoto," aliita, "gauni langu umelifanya nini?"

Cherehani ikanyamaza chumba cha pili. Mumewe akaja, akasimama mlangoni na futi yake shingoni.

"Mwanzoni ulikuwa unalia kila ukilivaa. Nikaona nikupe moyo kidogo."

Mke alilikumbatia lile gauni kifuani.

"Basi nipe moyo tena."

Fundi akatazama chini.

"Kitambaa kimeisha, mke wangu."