Mvumo wa Gurudumu la Nyuma

Fundi Chande alipomaliza kugongea beringi mpya kwenye ekseli ya nyuma, Bi Salha alikuwa amelizunguka gari mara kumi. Lilikuwa gari dogo la spoti, la zamani, la marehemu mumewe. Mnunuzi angelichukua mchana huo, mradi mvumo wa nyuma uondoke.

“Kaa basi, mama. Utanichimbia sakafu.”

“Nimekaa miezi saba tangu afariki, fundi.”

Chande akaliendesha mtaani, akarudi. Bi Salha hakulisikia mpaka lilipomfikia miguuni.

“Linanyata kama paka,” fundi alisema. Kisha akampa ufunguo, na beringi kuukuu pia, kama ilivyo desturi, mteja asije akasema hakubadilishiwa kitu.

Bi Salha aliitia beringi vidoleni, akaizungusha. Ikavuma. Ni mvumo huo uliokuwa ukikata kona kila jioni mumewe akirudi, naye akabandika chai.

Mnunuzi alikwisha fika. Alisimama mlangoni, mkono ameunyoosha.

“Ufunguo, mama,” Chande alisema taratibu.

Ufunguo ulikuwa kiganjani mwa Bi Salha, umelowa jasho.

“Fundi, hii ya zamani bado yaweza kurudi mahali pake?”

Bi Salha aliisogeza beringi sikioni, akaizungusha tena.