Furaha ya Noora

Saa sita na dakika kumi mchana mstari wa kijani ulipanda ghafla kwenye tableti, na Mwalimu Emily akageuka kutazama mlango. Aliyeingia, kama siku zote, alikuwa Hadijah, kadama, yaani mfanyakazi wa ndani, wa kina Noora, amekuja kumchukua mtoto.

Noora alikuwa na miaka saba na hajawahi kutamka neno. Kwa ajili ya watoto kama yeye, shule hiyo ya Muaither, Qatar, ilifunga kamera juu ya ubao, isome nyuso na kumwambia mwalimu nani anaogopa, nani amechoka, nani amefurahi. Mstari wa kijani wa Noora, wa furaha, ulilala chini asubuhi nzima. Ulilala hata siku mama yake alipokuja kukaa darasani.

"Mwalimu, niombee," Hadijah alisema, akimfunga mtoto kamba za viatu. "Mkataba wangu unaisha mwezi huu. Madam, mama yake, anasema sijui kulea, eti mtoto hacheki nyumbani."

"Na akikurudisha Uganda?"

"Mimi nitazoea. Huyu je?"

Alasiri hiyo, watoto walipoondoka, Emily alikaa akamwandikia Madam ripoti. Aliweka michoro ya wiki sita, rangi na asilimia, maana alijua mzazi ataamini mashine kabla hajamwamini mwalimu Mkenya. Mwishoni akaongeza kwa maneno yake mwenyewe: "Mtoto huyu hufurahi anapomwona Hadijah tu. Tafadhali, asiondolewe."

Jibu lilikuja Alhamisi. Madam alishukuru sana. Alisema ameisoma ripoti mara tatu, na kwamba siku zote hizo hakuwa akijua.

Emily alimwonyesha Hadijah ujumbe ule palepale mlangoni. Hadijah alimkumbatia, akalia, akacheka, akamwinua Noora juu kama mtoto mchanga.

Jumapili, shule ilipofunguliwa baada ya mapumziko ya Ijumaa na Jumamosi, aliyekuja kumchukua Noora alikuwa mwanamke mwingine. Alijitambulisha kwa jina la Nafula. Alikuwa akifanya kazi mji wa Umm Salal, kwa dada yake Madam, na alikuwa ameazimwa kwa muda.

"Hadijah anaumwa?" Emily aliuliza.

"Alipandishwa ndege jana, Mwalimu. Madam anasema aliiba."

"Hadijah? Aliiba nini?"

Nafula alimtazama Noora, akashusha sauti.

"Mtoto. Anasema aliyemtumia ushahidi ni wewe, kwenye ripoti."