Bafu la Shemeji

Asubuhi maji yalikuwa yameshuka tena chini ya mstari wa penseli.

Mwenye nyumba alisimama mlangoni pa bafu la ghorofani, kikombe cha chai ya mama yake mkononi, akacheka kwa pua. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuwa amepiga magoti kando ya maji, haamini macho yake.

"Fundi!" alisema mwenye nyumba, kama anayetema kokwa. "Fundi wa kupaka na kuomba dua."

Kijana alikuwa amefuata kazi inavyotaka. Kabla ya kubandika vigae alipaka sakafu dawa ya kuzuia maji, tabaka juu ya tabaka. Akaziba tundu la kutolea maji, akajaza maji, akachora mstari ukutani pale yalipofikia. Yakibaki hapo mpaka kesho yake, sakafu haivuji. Yalipopungua mara ya kwanza, alikwangua pembe zote akaanza upya.

Na maji yenyewe aliyasomba kwa mkokoteni. Mabomba ya mtaa mzima yalikuwa yamekauka, jambo ambalo mwenye nyumba alilisikia tu kwa watu, maana yeye huletewa kila kitu.

Mwenye nyumba alikuwa ameahidi mezani, mbele ya mkewe na mama yake: sakafu ikishika maji, atampeleka shemeji kwa rafiki yake anayejenga hoteli. Ikivuja, afungashe virago. Kila mtu aliona ni lipi kati ya hayo mawili alilokuwa akiliombea.

"Shemeji, nimekagua chumba cha chini," kijana alisema. "Dari ni kavu kabisa."

"Kwa hiyo maji yameshuka ngazi kwenda kutembea?" Akapiga funda la chai. "Hata mama yangu, asiyejua mwiko wa fundi unashikwa wapi, angefanya kazi safi kuliko wewe."

"Baba watoto, mpe nafasi ya mwisho," mkewe aliomba.

"Nafasi ndiyo hiyo, imevuja."

Kijana alichomoa kizibo, maji yakaenda yote yakikoroma, akakusanya vifaa vyake. Dada yake alimsindikiza mpaka getini akilia, na iliuma kuwatazama.

Mwenye nyumba hakutosheka. Watu wa namna yake wakishashinda, lazima wavunje kitu. Alitafuta nyundo akaitwanga sakafu mpaka dawa yote ikabanduka vipande vipande, huku akijisifu kwa sauti kwamba yeye hachezewi na wababaishaji.

Alikuwa bado anahema mama yake alipotokea nyuma yake na ndoo tupu.

"Ee baba, umebomoa?" aliuliza kwa masikitiko. "Sasa maji ya chai yako nitachota wapi tena?"